Jinsi ya Kuanza Kilimo cha Mnavu kwenye Robo Eka, Miteremko ya Meru

Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, mashamba ya kahawa na migomba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi familia nyingi zimebakiwa na robo eka, huku mji wa Arusha ukizidi kusogea. Eneo hilo ni dogo mno kwa mahindi ya biashara, lakini kwa mnavu, mboga ambayo zamani ilichumwa tu ikiwa imejiotea, linatosha kabisa.

Tafuta mnunuzi kabla ya mbegu. Nenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi, uwaulize akina mama wauza mboga fungu lao lina ukubwa gani, na mnavu huadimika miezi ipi. Kwa kawaida huadimika kiangazi, kwa hiyo hakikisha zamu yako ya maji ya mfereji, au tandaza mipira ya matone ikiwa uwezo upo.

Chagua aina zenye majani mapana, kama Nduruma na Olevolosi, zilizotokana na kazi ya World Vegetable Center, shirika la kimataifa la utafiti wa mboga lenye kituo Arusha tangu 1992. Mbegu za mnavu ni ndogo sana, nazo zikimwagwa ovyo huota zikisongamana na miche ikawa dhaifu. Zichanganye na mchanga mkavu, uzisie kwenye mistari ya kitalu, uzifukie kwa udongo mwembamba na kuzifunika kwa nyasi hadi zichipue. Baada ya wiki 4 hadi 6 hamishia miche kwenye matuta yenye samadi iliyooza vizuri. Usipande palipotoka nyanya, bilinganya au viazi mviringo, kwa maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na mnavu, na mnyauko hubaki udongoni.

Jambo linaloamua kipato, kwa maoni yangu, ni uchumaji. Kata ncha za matawi badala ya kung'oa shina, na uondoe maua mapema, ili mmea uendelee kuchipua na uchume tena kila baada ya wiki moja au mbili. Panda tuta moja moja kwa kupishanisha wiki, ili usikose mzigo siku ya gulio. Chuma alfajiri, ukahifadhi mafungu kivulini chini ya gunia bichi.

Acha mashina machache yenye afya bila kuyachuma. Matunda yakiiva, yakamue kwenye maji, osha mbegu na uzianike kivulini kwa msimu ujao.