Somo: Siku tatu Iringa, kuanzia Lugalo

Iringa wengi wetu tunaijua kwa dirisha la basi. Gari likishapanda Kitonga na kupita Ilula kwenye vitunguu na nyanya, abiria wananyoosha miguu kidogo, kisha safari ya Mbeya au Songea inaendelea. Wanaoshuka mara nyingi hulala usiku mmoja tu, alfajiri wanakwenda Hifadhi ya Ruaha kutafuta simba. Sina ugomvi na simba. Lakini nafundisha historia, na inaniuma mtu kupita katikati ya nchi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, bila kusimama.

Nimewapeleka wanafunzi huko zaidi ya mara moja, na safari ya kwanza niliikosea mpangilio. Tulianza Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, kwa sababu ni karibu na mjini. Watoto wakasimama mbele ya kioo, wakalitazama fuvu la Mkwawa, na mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, kwani huyu alifanya nini?" Mtunza makumbusho akanigeukia. Nilijibu kwa dakika ishirini nikiwa nimesimama, na watoto walikuwa wamekwisha kuchoka. Tangu siku hiyo nafuata mpangilio huu ninaowapa hapa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, funga nguo za baridi

Juni hadi Oktoba barabara za vumbi ni kavu na makorongo yanapitika. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, ikaendelea hadi Aprili. Mji uko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli. Mtu wa Dar asije na fulana peke yake. Chukua sweta, viatu vya kufunika mguu na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Weka pia salio kwenye simu, maana vituo vya serikali hupokea malipo kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo utakayopewa.

Hatua ya 2: Simama Lugalo kabla ya kuingia mjini

Ukitokea Dar ni safari ya kama kilomita 500. Ukiwa na gari lako, tembea taratibu ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kama kilomita 50. Ukigonga mnyama utatozwa faini, na kila mnyama ana bei yake. Baada ya Ilula anza kuangalia kibao cha Lugalo, mnara uko karibu na barabara. Wenye basi msihangaike na kondakta. Fikeni mjini, lala, kesho yake mrudi na daladala ya Ilula.

Wakazi wa Dar wanalitaja jina la Lugalo kila siku kwa sababu ya kambi na hospitali. Asili ya jina ni hapa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, kilikuwa kinapita kwa mstari mrefu kati ya vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamelala majanini wakisubiri. Mapigano yalikwisha kwa muda mfupi. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake, na Mkwawa akapata mamia ya bunduki.

Pale hakuna jengo la kuingia wala kitu cha kununua. Kaa nusu saa. Angalia jinsi nchi ilivyokaa, utaelewa kwa nini mkuki uliishinda bunduki siku ile.

Hatua ya 3: Jioni panda Gangilonga

Ni jiwe kubwa juu ya mji, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wenyeji wanasimulia kwamba Mkwawa alikuwa akija hapa kutafakari. Panda saa kumi na moja jioni, mji wote utauona chini yako, na jua likizama. Nenda na mwenzako, shuka kabla giza halijaingia. Ukikutana na wazee njiani sema "Kamwene", salamu ya Wahehe. Utaona nyuso zinavyobadilika.

Hatua ya 4: Isimila, asubuhi mapema

Isimila ni korongo lenye zana za mawe za kale na nguzo za mchanga. Iko kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, halafu unakata kushoto kuingia njia ya vumbi. Bajaji au bodaboda ya kwenda na kurudi inatosha, mradi mkubaliane bei pamoja na muda wa kukusubiri. Usimwache dereva aondoke.

Watu huja Isimila kupiga picha na zile nguzo, na kweli ni za ajabu. Mvua za miaka mingi zimekula udongo laini wa korongo, ukabaki mchanga uliogandamana, umesimama wima kama minara, mingine ina kofia ya mwamba mgumu kichwani. Picha piga. Ila naomba usiruke ile sehemu ya kwanza, penye zana za mawe.

Zamani sana hapa palikuwa na maji, na binadamu wa kale walikuja kandokando yake kuchinja na kukata. Waliacha shoka za mkono, zana za kupasulia na vikwaruzo. Mwaka 1951 mwanafunzi wa Afrika Kusini aliyekuwa safarini aliziona, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell akaongoza uchimbaji mkubwa. Kipimo kimoja kilitoa umri wa kama miaka 260,000. Kati ya mifupa iliyopatikana kuna ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, aliyekuwa na macho yaliyochomoza juu kama periskopu.

Mwombe mwongoza wageni akuonyeshe shoka moja uliguse. Liko kama tone la maji, limechongwa pande zote mbili, na linakaa kiganjani sawasawa. Mwanafunzi wangu mmoja alilishika akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Aliyelitengeneza hakuwa mvivu." Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo.

Fika saa mbili au saa tatu asubuhi. Saa sita mchana korongo ni tanuri, hakuna upepo. Kila mtu awe na maji yake.

Mkirudi mjini, mchana pumzikeni Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Ni dogo, saa moja inatosha.

Hatua ya 5: Kalenga, halafu Mlambalasi

Siku ya tatu shika barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kalenga iko kama kilomita 15 tu. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa iliyoitwa Lipuli, jina ambalo timu ya mpira ya Iringa ililichukua. Baada ya aibu ya Lugalo, Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Mkwawa alitoroka. Kwa karibu miaka minne aliwasumbua msituni, huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Kwa sababu umekwisha kuona Lugalo, mikuki na bunduki za makumbusho hutaziona kama vyuma vya kale. Halafu utafika kwenye fuvu.

Ukitoka hapo endelea na barabara ileile mpaka kilomita kama 50 kutoka mjini, kwenye njia ya kuingia Mlambalasi. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa, Mkwawa alijipiga risasi hapa asikamatwe. Askari wa Kijerumani walimkata kichwa wakaondoka nacho. Kiwiliwili kilibaki, na kaburi ndilo utakalolikuta. Juu yake kidogo kuna pango ambamo wataalamu wamekuta mabaki ya watu wa Zama za Mawe. Mimi huwaacha wanafunzi wakae kimya pale kabla ya kuanza kuuliza.

Maswali yenu

*Mwalimu, tunaweza kupiga picha fuvu?*

Muulize mtunza makumbusho kwanza, yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akikuruhusu, piga picha ya fuvu peke yake. Kujipiga nalo ukitabasamu, hapana. Wajukuu na vitukuu wa Mkwawa wanaishi hapahapa.

*Nimesikia watu wanabisha kama ni lake kweli. Ukweli ni upi?*

Swali zuri, kaka. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu la Mkwawa. Ni kifungu kilekile kilichodai Msahafu wa Khalifa Uthman urudishwe. Fuvu halikuja. Miaka ya hamsini Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi sana, akachambua yale ya kutoka Afrika Mashariki kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Akachagua moja lenye tundu, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Njia hiyo ya vipimo haiwezi kumtambua mtu mmoja kwa uhakika, ndiyo maana ubishi upo. Wahehe walilipokea na kulitunza kama kichwa cha mtwa (mtawala) wao, nami nikiwa pale naliheshimu hivyo.

*Shikamoo mwalimu. Nataka kwenda na mama yangu wa miaka sabini na mtoto wa miaka minne. Watamudu?*

Marahaba, dada. Lugalo, Boma na Kalenga mama atamudu bila shida. Isimila aishie kwenye makumbusho madogo ya juu, maana njia ya kushuka kwenye nguzo inateleza kwa changarawe. Mtoto mshike mkono muda wote kandokando ya korongo. Gangilonga na Mlambalasi ni za kupanda, mama abaki.

*Pale Isimila mawe yamejaa chini. Nikichukua kajiwe kadogo ka ukumbusho kuna ubaya?*

Upo, ndugu yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda. Na hata bila sheria, jiwe likiondoka mahali pake mtaalamu hawezi tena kujua lilitumika wapi na pamoja na nini. Libakie palepale.

*Mlambalasi naweza kwenda kwa bodaboda?*

Kilomita 100 kwenda na kurudi kwenye vumbi na makorogesheni? Mgongo utakuambia. Changeni watu wanne au watano mkodi gari la siku nzima, mpitie Kalenga na Mlambalasi kwa pamoja. Chakula beba, kule njiani maduka ni machache.

*Mimi natokea Dodoma kupitia Mtera, kwa hiyo Lugalo sipiti. Nianze Kalenga?*

Usianze Kalenga. Lala mjini, asubuhi panda daladala ya Ilula, mwambie konda akushushe Lugalo kwenye mnara. Kaa nusu saa yako, vuka barabara, simamisha gari la kurudi. Kabla ya saa tano utakuwa umerudi mjini, na Kalenga bado utaiwahi mchana.