Pima omu kabla ya kulipia nozeli za Supra

Ukienda Gerezani, mtaa wa vipuri hapa Dar, kutafuta nozeli (vinyunyizio vya mafuta ya injini) za mtumba za kuongezea injini nguvu, nenda na mita ya umeme. Rangi ya plastiki isikushawishi. Angalia namba zilizochapwa ubavuni. Za Toyota huwa zinaanza na 23250 au 23209, ingawa mara nyingi inabidi ufute masizi kwa kitambaa chenye petroli ndipo zisomeke.

Kisha weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusanisha nyaya zake kwanza uone inasoma ngapi, hiyo utaitoa kwenye kipimo cha nozeli. Pima pini mbili za nozeli. Ikisoma 12 hadi 16 ni ya ukinzani mkubwa, na magari mengi ya petroli tunayoendesha hapa Dar yanatumia hizo. Ikisoma 2 au 3, usiifunge hivihivi: kwenye volti 12 itavuta ampea 4 hadi 6, na kontrobox (kompyuta ya injini) ndiyo itakayoungua. Inahitaji boksi la rezista la kupunguza mkondo.

Toyota Supra yenye injini ya 2JZ-GTE ndiyo inayochanganya watu. Za soko la Japani hupitisha mafuta sisi (cc) 440 kwa dakika, ukinzani mkubwa. Za Marekani ni 550, ukinzani mdogo. Muuzaji ataziita zote "za Supra".

Za Nissan Silvia (S13 na S14) yenye injini ya SR20DET ni nzuri, sisi 370, ila mafuta yanaingilia ubavuni, kwa hiyo hazikai kwenye reli ya kawaida, ile bomba inayogawa mafuta kwa nozeli.

Chukua seti moja yenye namba zinazofanana, zisafishwe na kupimwa mtiririko, halafu kontrobox ipangwe upya.