Mchungwa Si Ghala: Vuneni Machungwa kwa Wakati

Wakulima wa Muheza, mwaka jana matawi mliyawekea miti ya kuyategemeza, mwaka huu majani matupu. Wengine wameshachukua shoka wakidai mti umezeeka, wengine wanamshuku jirani kwamba ameuroga. Wekeni shoka chini. Mti uliozaa kupita kiasi hupumzika msimu unaofuata. Hata mialoni ya Ulaya na Marekani ina miaka ya kumwaga mbegu na miaka ya kukosa kabisa, na huko hakuna anayemshuku jirani.

Kinachowaponza ni kuacha machungwa mtini mkingoja bei, au mkingoja yawe ya manjano. Rangi hiyo huletwa na ubaridi wa usiku, na usiku wetu huku chini ni wa joto. Chungwa la Muheza huiva likiwa la kijani! Huku mnangoja, tunda linaendelea kula akiba ya mti na kuzuia macho ya tawi yasigeuke maua. Wala msiseme mtavuna mkiona maua mapya, kwani ua huamuliwa wiki nyingi kabla halijachomoza. Dalali akipandisha bei kidogo, mnafurahi. Hasara ya msimu mzima ujao hakuna anayeipigia hesabu.

Tumieni mzani. Chumeni machungwa matano kutoka pande tofauti za mti, yapimeni, kamueni, kisha pimeni maji yake. Chungwa la gramu 200 likitoa gramu 70 za maji au zaidi, na ukali umepungua mdomoni, vuneni mti wote. Wote, si upande wa barabarani tu. Kateni kikonyo kwa mkasi. Kutikisa tawi ni kulivunja.

Msimu mnono unaokuja, punguzeni mapema. Mti ukishamaliza kuangusha vitunda wenyewe, na vilivyobaki vimefikia upana wa sentimita 2 hadi 2.5, acheni kimoja kwenye kila kichala, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya tunda na tunda. Najua inauma. Ila vikifika ukubwa wa ndimu mmeshachelewa, akiba imeliwa.

Baada ya kuvuna, mti mkubwa upewe madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, mvua zikianza, kuanzia mita 1 kutoka shinani hadi ukingo wa kivuli. Kuirundika shinani ni kuozesha gome.

Mkifuata haya, tofauti ya mavuno kati ya msimu na msimu itapungua.