Bima Ikikataa Kulipia Matibabu ya Ugumba: Pa Kuanzia na Pa Kukazia

Nimekaa pande zote mbili za dirisha. Kwanza nilikuwa karani wa madai katika ofisi ya bima ya afya. Nilisoma fomu za hospitali kutwa nzima na kugonga muhuri: limekubaliwa, limekataliwa, lirudishwe. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayepeleka fomu, na mume wangu kasimama pembeni kashika bahasha ya eksirei. Siku hizi nawasaidia wenzangu kuandika barua na kuingia kwenye vikao na wakubwa. Kila mfumo una fomu zake, lakini namna ya kukataa haitofautiani sana, na ndiyo maana naona inafaa kuandika haya.

Mwambie daktari aandike chanzo

Shirika la Afya Duniani linautaja ugumba kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke: mimba kutopatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Sentensi hiyo ikariri. Ukiambiwa dirishani kwamba kutafuta mtoto ni jambo la hiari, jibu lake ni hilo.

Lakini ufafanuzi peke yake hautoshi kwenye faili. Faili lililoandikwa "mgonjwa anatafuta mtoto" lilikuwa halinichukui hata dakika, linakwenda kwenye rundo la hiari. Faili lililoandikwa "mirija yote miwili imeziba, ana historia ya maambukizi ya nyonga" lilinilazimu kufungua kitabu cha mafao na kutafuta. Mwanamke anaweza kuwa yule yule na maumivu yale yale. Kwa hiyo kabla hujatoka chumbani kwa daktari, sema: "Daktari, naomba uandike chanzo ulichokiona, na kama hujakiona bado, andika vipimo unavyovihitaji ili ukipate." Hakuna daktari mwenye akili zake atakayechukia.

Dai na mwanamume apimwe mwanzoni kabisa. Takriban nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume una mchango, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kipimo cha shahawa ni chepesi kuliko karibu vyote atakavyofanyiwa mke: mtu anakaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, anatoa sampuli, maabara inaangalia wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Hata hivyo nimepitia mafaili ya wanawake waliokwishapigwa picha ya mirija na hata kuingizwa kamera tumboni, na la mume halina karatasi hata moja. Ukitafuta hoja ya kwanza ya kikundi chenu, ni hiyo. Bei yake ni ndogo, na mkubwa atakayeikataa hana pa kujificha.

Umri nao uwekwe wazi. Mwanamke aliyefika miaka 35 haambiwi asubiri miezi 12. Madaktari wengi huanza uchunguzi baada ya miezi sita. Foleni ndefu kwa mwenye miaka 39 ni kukataliwa kwa adabu tu.

Kila neno liwe na karatasi yake

Weka faili lako mwenyewe. Ndani yake ziwemo nakala za majibu yote ya vipimo yenye tarehe, barua za kupelekwa hospitali nyingine, stakabadhi, na ukurasa mmoja wa kumbukumbu: tarehe, uliongea na nani, cheo chake, alisema nini. Ukipigiwa simu na kuambiwa "tunalishughulikia", jioni hiyo hiyo tuma ujumbe mfupi wa maandishi: "Kama tulivyozungumza leo asubuhi, umesema dai langu litajibiwa kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Kama nimekuelewa vibaya, naomba unisahihishe." Akinyamaza, amekubali. Akijibu, una maandishi. Tulipokuwa ofisini tuliwajua watu wa aina hii kwa majina, na mafaili yao hayakuwa yakilala.

Barua ya kukataliwa ina aina nne

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema. Wanaona neno "tunasikitika" wanaikunja barua. Ifungue tena, utafute sababu.

Kama imeandikwa nyaraka hazijakamilika, shukuru. Hujakataliwa. Uliza ni nyaraka gani kwa orodha, uzipeleke zote kwa pamoja, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kama imeandikwa hujatimiza vigezo, omba vigezo vyenyewe kwa maandishi. Mara nyingi utakuta kigezo ni umri, uzito, hali ya ndoa, au kwamba mmoja wenu ana mtoto tayari. Linganisha na hali yako neno kwa neno. Nimewahi kuona mwanamke aliyekataliwa kwa kuwa "ana mtoto", kumbe mtoto ni wa mumewe kwa mke wa kwanza. Hapo kuna hoja mbili: ya kwake, kwamba hajawahi kushika mimba, na ya wote, kwamba kigezo chenyewe hakina maana ya kitabibu.

Kama imeandikwa si lazima kiafya, dai kujua ni nani aliyeamua. Karani hana mamlaka hayo, nakwambia mimi niliyekuwa karani. Omba dai lipitiwe upya na daktari wa fani ya uzazi, na daktari wako aandike barua inayoeleza chanzo, matibabu yaliyokwishajaribiwa, na nini kitatokea mkichelewa.

Aina ya nne ndiyo ngumu: huduma haimo kwenye kitita cha mafao. Hata hapo usikubali pigo moja livunje kila kitu. Hospitali nyingi huandika ankara moja yenye kichwa "matibabu ya uzazi", na bima ikiona kichwa hicho inatupa karatasi yote. Omba kila huduma iandikwe peke yake na kwa ugonjwa wake. Uvimbe kwenye mfuko wa uzazi ni uvimbe. Tezi ya shingo iliyolegea ni tezi. Maambukizi ni maambukizi. Hakuna udanganyifu wowote hapo, ndivyo vilivyo, na vingi kati ya hivyo vimo kwenye mafao ya kawaida. Kitakachobaki nje pengine ni kurutubisha yai maabara, yaani IVF, na dawa zake. Angalau umejua ukubwa halisi wa vita.

Barua ya kukata rufaa isizidi ukurasa mmoja. Namna ninayowapa wenzangu ni hii:

"Mimi ni mwanachama wa mfuko wenu. Tarehe fulani mlikataa dai langu kwa kifungu fulani. Naomba lipitiwe upya kwa sababu tatu zifuatazo. Nimeambatanisha majibu ya vipimo na barua ya daktari. Naomba mnijibu kwa maandishi, mtaje kifungu mlichokitumia, cheo cha aliyepitia, na mahali pa kwenda nisiporidhika."

Machozi yasiwemo. Si kwamba hayana haki yake, ila msomaji wa barua anatafuta sababu ya kuandika "limekubaliwa" ambayo bosi wake hataihoji.

Barua zikifanana, hilo si lako peke yako tena

Mkiwa hata wachache mmekataliwa kwa kifungu kile kile, mna kitu cha kupeleka juu. Tengenezeni jedwali lisilo na majina: chanzo cha ugumba, huduma iliyoombwa, sababu ya kukataliwa, muda uliosubiriwa, kilichouzwa au kukopwa ili kulipa. Safu hiyo ya mwisho msiiache. Mkurugenzi anaweza kubishana na takwimu, ila kwenye safu hiyo nimeona kalamu zikisimama.

Tazameni pia nani hayumo kwenye jedwali. Aliyewahi kuzaa kisha akakwama huambiwa ashukuru alichopata. Mwenye virusi vya ukimwi na mwenye ulemavu huulizwa maswali ambayo wengine hawaulizwi, wakati Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 23, unatambua haki ya wenye ulemavu ya kuamua idadi ya watoto wao. Mgonjwa wa saratani anaanzishiwa dawa zinazoweza kuharibu mayai au mbegu, na hakuna aliyemwambia kwamba vingeweza kugandishwa kabla. Huyo hana miezi ya kusubiri rufaa, ana siku tu. Kikundi kinachodai haki kisiwe cha wake wa watu wenye uwezo peke yao.

Na siri. Wapo ambao mama mkwe hajui, na wapo ambao hata mume hajui. Msimlazimishe mtu kusimama mbele ya kamera. Sauti iliyosomwa na mwingine inatosha.

Msianze na IVF

Hapa wenzangu wengi hawanikubalii, na tumeshabishana sana. Mkiingia na dai la IVF bure kwa wote, mtajibiwa kwa neno moja: gharama. Anzeni na uchunguzi wa wenzi wote wawili, tiba ya maambukizi yanayoziba mirija kama klamidia na kisonono, na ukomo wa muda wa kusubiri. Mkishapata hayo, mna mguu ndani, na pia mna takwimu za wangapi kweli wanaohitaji maabara.

Mkifika kwenye IVF, nendeni na mifano. Ubelgiji mwaka 2003 ilikubali kulipia gharama za maabara kwa mizunguko sita (majaribio sita ya IVF) kwa mwanamke aliye chini ya miaka 43, kwa sharti kwamba idadi ya viinitete, yaani mayai yaliyokwisharutubishwa, vinavyopandikizwa ipunguzwe. Mimba za mapacha zilishuka, na gharama za kutunza watoto njiti nazo. Mpelekeeni mtu wa hazina mfano huo kabla ya mwingine wowote. Japani iliingiza IVF kwenye bima ya umma Aprili 2022. Uingereza ni onyo: mwongozo wa kitaifa umependekeza mizunguko mitatu tangu 2004, lakini kila eneo likajiwekea vigezo vyake, na anachopata mtu kikategemea anakoishi. Kwa hiyo dai lenu liseme wazi kwamba vigezo ni vimoja kwa nchi nzima.

Kama sheria yenyewe ndiyo inayozuia, isomeni kesi ya Kosta Rika. IVF ilipigwa marufuku huko mwaka 2000. Wenzi waliokosa huduma wakapeleka malalamiko yao, na mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikasema marufuku ile imevunja haki zao, na kwamba iliwaumiza zaidi wasio na fedha za kwenda kutibiwa nje.

Mkishaitwa kikaoni

Nendeni na karatasi moja na ombi moja. Wasemaji wawili wanatosha, mgonjwa na daktari, na ikiwezekana mgonjwa awe mwanamume. Chumba hubadilika mwanamume anaposema "mimi ndiye mwenye tatizo".

Maswali mtakayoulizwa yanajulikana. "Si mngeasili?" Jibu: kuasili ni kwa ajili ya mtoto anayehitaji wazazi, na hakuna mgonjwa mwingine anayepewa hiyo badala ya tiba. "Watu si wameshakuwa wengi?" Uzazi wa mpango maana yake ni kupanga, na anayeshindwa kupata hata mmoja hajapanga chochote. "Kuna magonjwa makubwa zaidi." Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukutana na ugumba katika maisha yake, na Novemba 2025 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia kuhusu kuuzuia, kuuchunguza na kuutibu, wenye mapendekezo 40. Ulizeni wizara imepanga kutekeleza yapi, na lini.

Msitoke bila jina la mtu, tarehe na hatua inayofuata. Muhtasari uandikeni ninyi, muutume usiku huo. Anayeandika muhtasari ndiye anayeamua kilichokubaliwa.

Wafadhili wenye tabasamu

Kikundi kikianza kusikika, kliniki binafsi na kampuni za dawa zitakuja kuwalipia ukumbi na fulana. Mkipokea, tangazeni. Mimi huwauliza swali moja kwanza: kati ya wanawake wa umri fulani walioanza mzunguko hapa kwenu, wangapi walijifungua mtoto hai? Wengi hujibu kwa asilimia ya waliopata kipimo chanya cha mimba, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ulizeni pia kuhusu huduma za ziada wanazouza juu ya IVF. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia kliniki hizi, HFEA, huchapisha ukadiriaji wa huduma za aina hiyo, na nyingi hazina ushahidi wa kutosha kwamba zinaongeza nafasi ya kupata mtoto.

Na siku waraka mpya ukitoka, msikimbilie keki. Mtumeni mwenzenu mmoja dirishani asubuhi inayofuata, bila kujitambulisha, aombe huduma iliyotajwa. Akiambiwa "hatujaletewa maelekezo", achukue jina la aliyesema hivyo, mpige simu kwa yule mliyeandika jina lake kwenye muhtasari, halafu mrudi tena dirishani wiki inayofuata na nakala ya waraka mkononi.