Thanjavur kwa siku moja: panga saa zako vizuri

Wageni wengi wanaoharibu siku yao Thanjavur, mji wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, huponzwa na saa. Wanafika hekalu la Brihadisvara saa saba mchana, wanakuta chumba cha ndani cha Shiva, mungu wa Kihindu, kimefungwa, na mawe ya uani yanaunguza nyayo. Chumba hicho hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu mchana hadi saa kumi alasiri. Kwa hiyo nenda mara mbili: asubuhi kuanzia saa kumi na mbili, kisha urudi jioni.

Lala mjini. Ukitokea mji wa Tiruchirappalli (wenyeji husema Trichy), ni kilomita 55 hivi. Basi litakushusha stendi mpya, nje ya mji, wakati hekalu liko karibu na stendi ya zamani. Panda basi la mjini au bajaji, na bei ya bajaji mpatane kabla hujaketi.

Funika mabega na magoti. Viatu utaviacha mlangoni, basi vaa ndala na ubebe soksi nene, mchana zitakuokoa. Kuingia ni bure.

Utapita malango mawili makubwa ya mawe. Katika la pili, la Rajarajan, tazama walinzi wawili wakubwa waliochongwa pande zote mbili. Mbele yako ipo sanamu ya Nandi, fahali wa Shiva, jiwe moja lenye urefu wa karibu mita 6, na nyuma yake mnara wa itale unaozidi mita 60. Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Wachola, ukoo uliotawala kusini mwa India, aliukamilisha mwaka 1010. Usikimbilie kupiga picha tu. Inama usome kwa macho kuta za chini: maandishi ya Kitamil yamezunguka msingi, yakiorodhesha zawadi za mfalme na majina ya wanawake wapatao 400 waliocheza ngoma hekaluni. Ndani kwenye chumba cha Shiva usipige picha.

Utaambiwa kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Si kweli, rudi jioni ukione kimelala uani.

Mchana, chumba cha Shiva kikiwa kimefungwa, ndio wakati wa kasri la kifalme la mjini. Lilijengwa na watawala wa Kinayaka, kisha likakaliwa na watawala wa Kimaratha. Jumba la sanamu za shaba za Kichola lina tiketi yake, na sehemu nyingine zina zao, kwa hiyo uliza tiketi yako inafika wapi kabla ya kulipa. Muda ukikubana, acha vyumba vingine vyote, shaba usiikose.

Chakula cha mchana ni wali juu ya jani la mgomba. Kula kwa mkono wa kulia. Wahudumu huongeza mchuzi bila kuulizwa, na ukishiba kunja jani.

Epuka Aprili na Mei kwa joto. Oktoba hadi mapema Desemba beba mwavuli. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri.