Jinsi ya Kufungua na Kung'arisha Kanda za Chuma za Madirisha ya Gari la Zamani

Kanda za chuma zinazozunguka vioo vya gari la zamani huharibika zaidi siku ya kufunguliwa kuliko katika miaka yote zilizokaa juani na mvuani. Fundi anayechomeka bisibisi chini ya ncha moja na kuinua kwa nguvu huacha mkunjo, na mkunjo katika bati jembamba lililopindwa kiwandani kufuata umbo la kioo ni vigumu kuondoka hata mikononi mwa fundi hodari. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa kwa muda mrefu kwenye kazi ya kufungua, ingawa wengi huwa na haraka ya kufika kwenye polishi.

Sababu ya kuzifungua si urembo peke yake. Nyuma ya ukanda hukusanyika vumbi, majani na maji yasiyo na pa kutokea, na katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam chumvi iliyomo hewani huharakisha kutu. Ukiona rangi imefanya malengelenge kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele, fahamu kwamba kutu iliyo chini imeenea kuliko inavyoonekana, na kwamba kuupiga ukanda polishi ukiwa palepale ulipo kutaficha tu tatizo.

Anza kwa kuosha sehemu yote, kisha piga picha za kila pembe na kila kiungo. Bandika gundi ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, kwa tabaka mbili juu ya rangi iliyo pembeni mwa ukanda. Baada ya hapo chunguza ukanda umeshikwaje, kwa sababu kila namna ya kushikwa ina njia yake ya kufunguliwa, na kukosea hapa ndiko kunakoleta hasara.

Namna ya kwanza ni ya ukanda uliochomekwa kwenye mfereji wa mpira wa kioo, kama ilivyo katika Volkswagen Beetle za daraja la juu na magari mengi ya Ulaya ya enzi hizo. Hapa hakuna klipu wala skrubu. Mpira wenyewe ndio unaoubana ukanda, na pale ncha mbili zinapokutana huwa pamefunikwa kipande kidogo cha kuungia ambacho husogezwa pembeni kwa vidole. Wako wanaojaribu kuuchomoa ukanda huu kioo kikiwa bado kimefungwa, na mara nyingi hupata alumini iliyojikunja. Ni salama zaidi kutoa kioo pamoja na mpira na ukanda wake kwa mara moja: mtu mmoja akae ndani, asukume mdomo wa mpira uvuke ukingo wa bodi kwa kijiti cha mbao kilicholainishwa ncha, huku mwenzake akikipokea kioo kwa nje. Kioo kikishalazwa juu ya blanketi, mdomo wa mfereji hupanuliwa polepole na ukanda hutoka bila kuvutwa.

Mpira ukiwa umekauka na kupasukapasuka, usiuhurumie. Ukate kwa kisu kikali kuzunguka kioo, ukielekeza makali mbali na ukanda na rangi, kwa kuwa mpira mpya ni rahisi kuupata kuliko ukanda wa asili usio na kovu.

Namna ya pili hupatikana katika magari mengi ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo vioo vyake vimeshikwa kwa gundi na kanda zake hubanwa na klipu zilizofichwa pembeni mwa fremu. Klipu hizi huushika ukanda kwa upande wa ndani, kwa hiyo kuinua kutoka nje hakusaidii kitu. Kinachohitajika ni kifaa bapa chenye ndoano fupi ubavuni, kinachopitishwa kati ya kioo na ukanda hadi kiguse klipu, kisha kuisukuma au kuivuta ili iuachie ukanda. Asiyeweza kukinunua anaweza kukichonga kutokana na ukanda mwembamba wa chuma, alimradi asage kingo zote zisikwaruze kioo. Fungua klipu moja, inua ukanda kidogo tu, nenda kwenye inayofuata, na usiuache uzito wa ukanda uning'inie kwenye klipu ya mwisho.

Ya tatu ni ile ya ukanda wa chini ya kioo cha mlango, unaopatikana hata katika magari ya Kijapani ya miaka ya karibuni. Teremsha kioo chote, fungua mlango, na utafute skrubu iliyojificha kwenye ukingo wa mlango. Mara nyingi ipo, na wengi huvunja ncha ya ukanda kwa kutoitafuta. Skrubu ikishatoka, ukanda huinuliwa kwenda juu kwa kabari ya plastiki au ya mti, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye ncha hiyo. Gari likikaa juani kidogo kabla ya kazi, plastiki na mpira hulainika na klipu hazivunjiki ovyo.

Kila ukanda ukitoka, uandikie upande wake na uutundike au uulaze mahali pa juu. Ukanda mrefu ulioachwa sakafuni mwa gereji utakanyagwa.

Sasa tambua madini yake, maana dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Alumini ni nyepesi, haivutwi na sumaku, na ikiliwa hutoa unga mweupe. Chuma kisichoshika kutu ni kizito zaidi na kigumu, nacho huonyesha mikwaruzo na mabonde lakini si mashimo ya kutu. Sumaku isikudanganye hapa, kwa kuwa aina fulani za chuma kisichoshika kutu zilizotumika sana kwenye urembo wa magari huvutwa na sumaku, ingawa watu wengi huamini kwamba hazivutwi. Kitu kilichopakwa kromu, kwa upande wake, hujitambulisha kwa vipele na kwa tabaka linalobanduka. Tabaka la kromu ni jembamba mno, na likishabanduka hakuna msasa wala polishi itakayolirudisha. Ukanda huo upelekwe kwa wenye kazi ya kupaka kromu upya.

Kwa chuma kisichoshika kutu, mabonde hutangulia. Chonga kipande cha mti mgumu kama mpingo au mninga kifuate umbo la uso wa ukanda, kiweke chini, laza ukanda juu yake uso ukiangalia mti, kisha gonga kwa ndani kwa nyundo ndogo yenye uso laini. Gonga kuanzia pembeni mwa bonde kuelekea katikati, kwa mapigo mengi mepesi, kwa sababu pigo moja zito hulivuta bati na kuzaa kilima ambacho hakitakubali kushuka. Paka wino wa kalamu nene juu ya uso na upitishe tupa laini mara moja au mbili: wino utakaobaki unaonyesha mahali ambapo bado pamebonyea. Rudia hadi tupa iguse kila mahali, lakini usichonge bonde kwa tupa kwa kuchoka kugonga, kwani bati lenyewe halina unene wa kupoteza.

Msasa wa maji hufuata, kuanzia namba 320, kisha 400, 600, 800 na 1200. Badilisha mwelekeo wa mkono kila unapobadilisha namba, ili uone mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikiisha kabla ya kusonga mbele. Mikwaruzo iliyoachwa hapa hujitokeza baada ya polishi, na hapo itabidi kurudi nyuma. Pamba ya chuma isitumike kabisa, kwa kuwa huacha chembe za chuma cha kawaida ambazo baadaye hushika kutu juu ya ukanda usioshika kutu.

Kwenye mashine ya polishi, anza na gurudumu la katani (nyuzi za mkonge) pamoja na dawa kali ya chuma, kisha umalizie na gurudumu la kitambaa laini na dawa laini. Mashine hii ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Gurudumu likinasa ncha ya ukanda huunyakua na kuurusha, kwa hiyo ufunge ukanda kwenye ubao wenye umbo lake, uguse nusu ya chini ya gurudumu tu, na uhakikishe gurudumu linatoka kwenye ukingo badala ya kuingia. Vaa miwani, na usivae glavu za uzi wala mikono mirefu iliyolegea. Ukanda ukiwa wa moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu, pumzika. Joto likizidi, chuma hugeuka njano kisha buluu.

Alumini ina jambo lake. Kanda nyingi za alumini zilipewa kiwandani, kwa njia ya umeme, tabaka gumu la oksidi linaloonekana kama kioo, na tabaka hilo likififia hakuna polishi inayofika chini yake. Lijaribu kwa mita ya fundi umeme: mahali penye tabaka hili umeme haupiti, na palipo na alumini tupu unapita. Huondolewa kwa kostiki soda, ileile ya watengenezaji wa sabuni, kiasi cha gramu 50 kwa lita moja ya maji. Tia soda ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda, ukiwa nje, umevaa miwani na glavu za mpira, mbali na moto wowote, kwa kuwa alumini na kostiki hutoa hidrojeni. Bomba la PVC lililopasuliwa kwa urefu na kuzibwa ncha ni chombo kizuri kwa kanda ndefu. Mapovu yakishaenea juu ya uso wote, utoe ukanda mara moja, uoshe kwa maji mengi, kisha kwa siki, kisha tena kwa maji. Ukanda utakuwa mweusi, lakini weusi huo hutoka kwa polishi. Tumia magurudumu tofauti na yale ya chuma, bonyeza kidogo, na mwishoni paka nta, maana alumini tupu hufifia upesi, hasa pwani.

Kabla ya kurudisha chochote, kwangua kutu kwenye fremu ya kioo hadi chuma cheupe kionekane, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi ya juu, na uache zikauke kabisa. Klipu za zamani zitupwe zote.

Ukanda wa mfereji huingizwa kwenye mpira mpya, mpira huo ukiwa tayari umevishwa kwenye kioo, kwa kutumia maji ya sabuni. Grisi na oili huvimbisha mpira. Kisha laza kamba laini yenye unene wa milimita 4 au 5 ndani ya mfereji wa nje wa mpira, ncha zake zipishane chini katikati, weka kioo mahali pake, na mtu wa ndani aivute kamba polepole huku wa nje akisukuma kwa viganja vilivyofunguliwa karibu na pale kamba inapotoka. Kusukuma kwa ngumi au kwa kidole hupasua kioo.

Mwisho, mwagia maji kwa mpira wa bustani kuanzia chini kwenda juu, mtu akiwa ndani na tochi. Maji yakionekana kwenye pembe, inua mdomo wa mpira kwa kijiti, ingiza dawa ya kuziba chini yake, na ufute inayozidi kabla haijakauka juu ya ukanda.