Tupa za mkono: kuchagua iliyo nzuri na kuifanya idumu

Wakuu, leo tuongelee tupa. Wengi wetu tunaofanya vikazi vidogo nyumbani, mara komeo la geti halifungi, mara bawaba inagoma, mara panga limekuwa butu, tunanunua ile seti ya tupa kibao kwenye pochi ya plastiki kwa bei ya kutupwa, wiki ya pili tunalalamika tupa za siku hizi hazikati. Mi nasema nunua tatu tu za maana, zitunze, utasahau habari za seti.

Hatua ya 1: jua unatafuta ipi

Kwa kuanzia chukua bapa ya inchi 10 ya meno makubwa, nusu duara ya inchi 8 ya meno ya kati, na pembetatu ndogo ya kunolea msumeno na kuingia kwenye kona. Urefu unapimwa bila ule mkia unaoingia kwenye mpini. Pale karibu na mkia mara nyingi kumechapwa aina ya meno: Bastard ni makubwa, Second Cut ya kati, Smooth ya kumalizia. Ila angalia, Bastard ya inchi 12 meno yake ni makubwa kuliko Bastard ya inchi 6, kwa hiyo usisome neno tu ukasahau urefu. Zile za Uswisi zina namba, 00 ndo inakula sana na 6 ni laini kabisa.

Halafu cheki mistari. Ikiwa inaelekea upande mmoja tu, hiyo inaacha uso laini, nzuri kwa panga, jembe na visu. Ikiwa imekatana kama wavu, hiyo ni ya kula chuma haraka.

Hatua ya 2: dukani

Nenda na kipande cha nondo mfukoni, usione aibu. Kwanza ielekeze tupa kwenye mwanga, meno yote yawe na rangi moja, ukiona sehemu inang'aa ujue meno yamelala au yameguswa na kitu. Ichungulie kwa urefu kama unavyochungulia mbao, kutuna kidogo katikati ni kawaida, kupinda kama upinde hapana. Ishike mkiani ining'inie, igonge na kitu cha chuma: iliyo nzima inalia vizuri, yenye ufa inatoa sauti ya kufa. Mwisho omba ujaribu kwenye ile nondo yako, sukuma mara moja kwa mkono mwepesi, tupa nzuri utaisikia inauma mpaka kwenye kiganja na unga unadondoka, ikiteleza tu rudisha. Nicholson, Bahco na Vallorbe ni majina yanayoheshimika, lakini jina yeyote anaweza kulichapa, we amini nondo.

Hatua ya 3: mpini

Usitumie tupa bila mpini, hata kwa dakika moja. Tupa ikikwama ghafla ule mkia unaingia kwenye kiganja. Toboa mti tundu jembamba, ingiza mkia, halafu gonga kitako cha mpini kwenye meza mpaka ukae. Usiipige tupa yenyewe nyundo, ni chuma kigumu mno, kinapasuka vipande.

Hatua ya 4: kukata

Hapa ndo tupa nyingi zinakufa. Meno yanakata ukisukuma mbele tu. Ukirudi nyuma nyanyua, au angalau achia uzito, maana kuivuta huku umeikandamiza ni kuyavunja meno. Mwangalie fundi funguo yeyote pale barabarani, mkono unaenda mbele na uzito, unarudi mtupu. Tumia urefu wote wa tupa, sio katikati tu. Ikipiga kelele za kukera meno, basi kazi yako imechomoza sana juu ya jiliwa, kile kibanio cha mezani, ishushe.

Tupa mpya ianzie kwenye shaba au alumini kama unayo kazi hiyo, ndo uipeleke kwenye chuma. Usiiguse biti ya drili wala beringi, zile ni ngumu kama yenyewe, na ganda la kuchomelea lianze kutolewa na grenda.

Hatua ya 5: chaki na kusafisha

Alumini ina tabia ya kuganda kwenye meno, kikipande kimoja kikikaa kinachora mfereji kwenye kazi yote. Kabla hujaanza paka chaki ya shule, ile ya kawaida, itajaza nafasi na unga hautashika sana. Ukimaliza piga brashi ya waya kwa kufuata mistari ya meno, sio kuikata. Vile vilivyogoma chukua waya mnene wa shaba wa umeme, ubonde ncha iwe bapa, usukume kwenye mifereji: baada ya muda ncha inachongeka meno yake yenyewe na inachokonoa kila kitu bila kuumiza tupa. Usipulize kwa mdomo, unga unaingia machoni. Na usipapase uso wa tupa kwa kidole, mafuta ya ngozi yanaifanya iteleze.

Hatua ya 6: kuhifadhi

Usizirundike kwenye boksi moja na spana, zinasagana. Zitundike au kila moja izungushie kitambaa. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kutu haina subira, kwa hiyo kama hutaigusa muda mrefu ipanguse na mafuta kidogo sana, na kabla ya kuitumia uyaoshe na sabuni na uikaushe.

Hatua ya 7: iliyochoka

Kama imefubaa kwa kutu na uchafu, ioshe mafuta yote na sabuni, ilaze kwenye siki nyeupe usiku mmoja, asubuhi piga brashi, suuza na maji yenye magadi kidogo kuua ukali wa siki, kausha juani palepale. Inarudisha makali kiasi. Yenye meno yaliyosagika haiponi, hiyo ibaki kukwangua rangi na kutu, au mpe mhunzi ailainishe motoni atoe patasi. Kitu kimoja usifanye ni kuigeuza mtaimbo wa kubanjulia vitu, itakatika na kipande kitakurukia usoni.